Si kila koti jeupe ni daktari

Mwezi uliopita tulikwenda kumjulia hali katekista mmoja wa parokia ya mashambani, mzee wa miaka 62, aliyelazwa katika hospitali kubwa ya mjini kwa kidonda cha mguu kilichofanya usaha na kumtia homa. Tulimkuta amejifunika shuka hadi kidevuni, amegeukia ukutani. Tulipomsalimu alijibu kwa uchungu: "Padre, leo ni siku ya nne tangu niletwe hapa, wala hajanitazama daktari hata mmoja. Naona wananiacha nife." Mkewe, aliyekuwa akimenya chungwa kando ya kitanda, aliitikia kwa kichwa.

Maneno hayo yalituchoma. Twakiri kwamba tulitoka wodini kwa hasira, tumekwisha kuyapanga moyoni maneno ya kumwambia mkubwa wa hospitali, na makala ya ukurasa huu tulikuwa tumeianza kichwani kabla hatujafika mlangoni. Mlangoni tulikutana na muuguzi wa zamu, mama wa makamo. Alitusikiliza bila kutukatiza, akarudi nasi hadi kitandani, akamwomba mgonjwa ruhusa, kisha akafungua jalada mbele yetu sote. Kumbe mzee wetu alikuwa ameonwa na madaktari watatu, tena mmoja wao ni bingwa wa upasuaji, aliyekwisha kumpitia mara mbili.

"Hawakuja!" mzee alikaza. "Alikuja msichana mmoja na vijana wawili wanafunzi."

Msichana huyo ndiye bingwa. Katika vijana wale wawili, mmoja ni daktari wa wodi, na mwenzake ni daktari aliye katika mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo.

"Na yule mzee mwenzangu mwenye miwani na koti jeupe, je? Yeye ndiye niliyemweleza habari zangu zote."

Muuguzi akajibu kwa upole kwamba huyo ni mtu wa maabara, naye alikuja kuchukua damu.

Ingekuwa hadithi ya kuchekesha, kama si jambo moja lililokuwamo katika habari zile. Miaka mingi nyuma mzee alichomwa sindano ya penisilini katika zahanati, akavimba uso, pumzi ikambana, akaponea chupuchupu. Hayo alimweleza mzee mwenye miwani, huku yule akijaza vichupa vyake kwa haraka na labda akidhani amempata mtu apendaye mazungumzo. Yule "msichana" alipomwuliza kama iko dawa inayomdhuru, alimjibu kwa mkato kwamba hapana, maana hakuona sababu ya kueleza mambo yake mara mbili, tena kwa mtoto. Dawa ikaandikwa, nayo ilikuwa ya ukoo wa penisilini. Jioni ile muuguzi alikuja na bomba la sindano katika sinia, na kabla hajamshika mkono alimwuliza tena, kama kazi yake inavyomtaka, iwapo amewahi kudhurika kwa sindano yo yote. Mzee alikasirika: "Nimekwisha kumwambia daktari!" Muuguzi akauliza: "Daktari yupi, baba? Ulimwambia nini?" Sindano ikarudishwa, daktari akapigiwa simu, dawa ikabadilishwa. Yote hayo yalikuwa yametukia siku mbili kabla hatujafika, na mzee aliyahesabu kuwa ni usumbufu mmoja zaidi.

Tumesimulia haya kwa ruhusa yake. Ile makala ya hasira hatukuiandika. Badala yake twaandika hii, juu ya watu wa hospitali na kazi zao, kwa kuwa tulitambua kwamba hata sisi, pamoja na miaka yetu yote ya seminari kuu, tusingaliweza kumtambua bingwa yule kama angalipita mbele yetu.

Desturi yetu ni kuwagawa watu wa hospitali mafungu mawili tu. Mwanamume aliyevaa koti jeupe ni daktari. Mwanamke ye yote ni nesi, au "sista". Jina hilo la sista tulirithi tangu zamani za Waingereza, ambao walimwita hivyo muuguzi mkubwa wa wodi, nalo limebaki midomoni mwa watu hata leo. Ndiyo maana mama mwenye mume na watoto watano aitwa sista kutwa nzima, na Sista wa shirika, aliye daktari mwenye shahada, aombwa na ndugu za mgonjwa alete beseni. Neno mganga nalo limetuchanganya vya kutosha. Katika barua za serikali yuko Mganga Mkuu wa Wilaya, na hospitalini yuko Mganga Mfawidhi, yaani daktari aliyekabidhiwa usimamizi wa mahali pale. Lakini mwambie bibi yako kijijini kwamba unakwenda kwa mganga, uone atakavyokutazama.

Tuanze kijijini, maana ndiko wengi wetu tuanzako. Katika zahanati atupokeaye mara nyingi si daktari, bali ni tabibu, au tabibu msaidizi. Tabibu amesoma chuoni miaka 3 baada ya sekondari. Amefundishwa hasa maradhi yanayotuandama kila siku: malaria, nimonia, kuhara, vidonda, minyoo, homa za watoto. Tena amefundishwa jambo lililo kubwa kuliko dawa, nalo ni kutambua lile lisilo la kiwango chake na kulipeleka mbele. Wako watu wamdharauo kwa sababu hakwenda chuo kikuu. Huipita zahanati yake wakiwa na mtoto mwenye homa kali mgongoni, wakapanda basi kwenda mjini kwa "daktari mkubwa". Enyi akina mama, malaria haimngoji mtoto afike mjini. Degedege likimshika katikati ya safari, ndani ya basi hamna dawa, na yule tabibu mliyempita mlangoni asubuhi ndiye angalimpa dawa ya kwanza saa ile ile.

Hapa hatuna budi kuwataja madaktari wasaidizi, ambao kizazi cha sasa karibu kitawasahau. Hao walikuwa matabibu waliofanya kazi miaka kadhaa, kisha wakarudishwa chuoni kwa miaka 2 zaidi, wakafundishwa hata upasuaji. Kwa miongo mingi katika wilaya za mbali mama aliyeshindwa kujifungua hakupasuliwa na daktari wa chuo kikuu, kwa kuwa hakuwako. Alipasuliwa na daktari msaidizi, pengine usiku, kwa taa ya jenereta. Wataalamu waliuchunguza upasuaji wa dharura wa wajawazito katika hospitali za Mwanza na Kigoma, na matokeo yakatolewa mwaka 2009: sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa imefanywa na madaktari wasaidizi, wala haikuonekana kuwa mbaya kuliko ile ya madaktari wenye shahada. Miongoni mwenu msomao ukurasa huu, bila shaka wako waliozaliwa kwa mikono hiyo, nao hawajui.

Daktari mwenyewe husoma chuo kikuu miaka 5, kisha hufanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo chini ya macho ya wakubwa wake, ndipo huandikishwa kamili na Baraza la Madaktari. Yule kijana wa mwaka wa mwisho huo, ambaye mzee wetu alimwita mwanafunzi, ni daktari. Lakini maamuzi mazito hayafanyi peke yake. Usimdharau, maana ndiye mara nyingi alalaye hospitalini, ndiye aandikaye historia yako, na ndiye apelekaye habari zako kwa wakubwa. Akikuuliza jambo ulilokwisha kuulizwa, usikasirike, mjibu lote.

Bingwa ni daktari aliyerudi chuo kikuu miaka 3 au zaidi kusomea fungu moja tu la uganga: upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, akina mama na uzazi, macho, akili, mifupa, na mengineyo. Juu yake yuko bingwa bobezi, aliyejifungia katika sehemu nyembamba zaidi, kama moyo au figo. Yafaa tujue kwamba bingwa hapiti kwa kila mgonjwa kila siku. Hupita siku zake maalum, akifuatana na madaktari wengine, wauguzi na wanafunzi, nao husimama miguuni pa kitanda na kusemezana kwa maneno yasiyoeleweka, pengine kwa Kiingereza chote. Mgonjwa hudhani anasengenywa au anahukumiwa. Kumbe hiyo ndiyo saa yake: ndipo dawa hubadilishwa, ndipo upasuaji hupangwa. Wengi wetu saa hiyo hunyamaza kimya kwa adabu, tukaanza kunung'unika wakiisha kuondoka.

Juu ya wauguzi twataka kukaa kidogo, kwa sababu ndio tuwaoneao zaidi. Daktari husimama kando ya kitanda dakika chache. Muuguzi yupo usiku na mchana, kwa zamu. Yeye hupima joto na mapigo ya moyo, huangalia mkojo umetoka kiasi gani, hugeuza mgonjwa asifanye vidonda vya mgongo, hutoa dawa kwa saa zake. Hali ikibadilika saa 8 usiku, yeye ndiye aonaye kwanza, na neno lake ndilo limwamshalo daktari. Kazi yake si utumwa wa daktari. Amesomea taaluma iliyo na baraza lake, Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kiapo chake. Akiona dawa iliyoandikwa haifai, ana wajibu wa kusimama na kuuliza, kama alivyosimama yule mama mbele ya katekista wetu. Twajua kwamba wako wauguzi wenye ulimi mkali, hasa katika wodi za wazazi, na mama anayejifungua kwa mara ya kwanza haisahau lugha aliyosikia siku ile. Hatuwezi kulifunika jambo hili. Lakini pia tumewahi kusimama wodini usiku tukahesabu vitanda zaidi ya 40 na muuguzi mmoja, tukajiuliza ulimi wetu sisi ungalikuwaje kufikia alfajiri.

Mkunga ni muuguzi aliyesomea uzazi. Maadamu mambo yanakwenda sawa, kuzalisha ni kazi yake kamili, wala hapana sababu ya kulalamika kwamba binti yetu "alizalishwa na nesi tu".

Yuko mwingine ambaye watu karibu hawamjui kabisa, nasi hatukumjua hadi tulipofikishwa kwake: mtu wa nusukaputi. Wengine ni madaktari mabingwa, lakini katika mahospitali mengi ni muuguzi au tabibu aliyesomea kazi hiyo. Wakati mpasuaji ameinama juu ya tumbo, huyu yuko kichwani pa mgonjwa, anashika pumzi yake. Yeye ndiye anayekuja usiku wa kuamkia siku ya upasuaji kuuliza habari za meno ya bandia, pumu, shinikizo la damu, na mara ya mwisho kula. Tusikilizeni vizuri hapa. Mgonjwa huambiwa asile. Mama yake huona huruma, humletea uji katika chupa ya chai, amfunike kwa khanga anywe kidogo, "apate nguvu ya kisu". Kwa nusukaputi koo hulala pamoja na mtu. Kilichomo tumboni chaweza kupanda na kushuka mapafuni, na mgonjwa akafa kwa uji wa mamaye, wala si kwa kisu. Mtu wa nusukaputi akiuliza, "Umekula?", hakuna swali zito kuliko hilo siku ile. Aibu ya kukiri na kuahirishiwa upasuaji ni ndogo.

Wengine tutawapitia kwa haraka. Mtaalamu wa maabara hutafuta ugonjwa katika damu, mkojo na makohozi, na daktari bila yeye hubahatisha. Lakini yeye hakutibu, wala hana ruhusa ya kukueleza majibu yako mlangoni. Mtaalamu wa mionzi hupiga picha ya mifupa na kifua. Mama mwenye mimba amwambie kabla hajapigwa. Mfamasia hachukui tu vidonge rafuni na kuvihesabu: hukagua kama dawa mbili zapatana na kama kipimo chafaa, na yeye ndiye wa kuulizwa jinsi ya kuzimeza. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anapotufundisha kumheshimu tabibu hamsahau huyu atengenezaye dawa, bali humweka karibu naye katika kazi ile ile ya Mungu. Mtaalamu wa viungo humfundisha aliyepooza kuinuka tena, na kazi yake huchukua miezi, ndiyo maana wengi huikatiza njiani. Afisa wa ustawi wa jamii ndiye wa kuendewa mapema na yule asiye na uwezo wa kulipa, kabla hajatoroka usiku na kidonda kibichi kwa hofu ya deni. Na yuko mtumishi wa chumba cha maiti, ambaye twampa mkono kwa shingo upande. Kazi yake Kanisa laihesabu katika matendo ya huruma.

Mtakatifu Luka, ambaye Mtakatifu Paulo amwita tabibu katika waraka wake kwa Wakolosai, ndiye peke yake katika wainjili wanne aliyetuandikia mfano wa Msamaria Mwema. Tumeuhubiri mara nyingi, na kila mara tulimsifu Msamaria. Tukiusoma upya baada ya siku ile ya wodini, tuliona kitu ambacho hatukuwahi kukitazama. Msamaria alisafisha majeraha, akayafunga, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akamfikisha. Asubuhi yake akaondoka. Basi ni nani aliyemlisha, aliyembadilisha vitambaa, aliyekesha naye siku zote zilizofuata? Ni yule mwenye nyumba ya wageni, ambaye hatuambiwi jina lake, wala kabila lake, wala hatujapata kumsikia akihubiriwa. Msamaria mwenyewe alijua kikomo chake. Alitoa huduma ya kwanza, kisha akamkabidhi mgonjwa kwa mwingine, pamoja na fedha na maelezo. Katika lugha ya leo twaweza kusema kwamba alimpa rufaa.

Na rufaa ndiyo njia yetu. Zahanati hupeleka kituo cha afya, nacho hospitali ya wilaya, nayo ya mkoa, hadi hospitali za kanda na ya taifa pale Muhimbili. Hospitali ya Bugando ya Mwanza, mali ya Baraza la Maaskofu wetu, ni moja katika hizo za kanda. Ilifunguliwa mwaka 1971, mwaka uliofuata serikali ikaitwaa, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa maaskofu. Tangu mwaka 2003 pana chuo kikuu pale, na ndani yake husoma pamoja watakaokuwa madaktari, wauguzi, wafamasia na watu wa maabara. Hilo latupendeza, maana waliozoeana darasani hawatadharauliana wodini. Twatumaini hivyo, walau.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba jicho haliwezi kuuambia mkono kuwa hauhitajiki. Mwenye kufika hospitalini akauona mwili huo ukifanya kazi, aelewa haraka maana yake. Mtakatifu Kamili wa Lellis aliielewa kwa njia ndefu. Alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari na mcheza kamari, naye alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Kwa kidonda hicho alifika hospitali ya Mtakatifu Yakobo huko Roma, akawa mgonjwa na mtumishi wa wodi kwa pamoja, hata akafukuzwa kwa ajili ya kamari zake. Alirudi ameongoka. Alipokabidhiwa usimamizi wa hospitali ile aliona jinsi wahudumu wa mshahara walivyowaacha wagonjwa katika uchafu na kiu, naye akakusanya wenzi ambao wangefanya kazi hiyo ya chini kwa mapendo. Mwaka 1586 Papa Sisto V alilikubali shirika lao na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Kamili hakuwa daktari. Leo yeye ni msimamizi wa mahospitali, wagonjwa na wauguzi. Basi yule kijana apitaye na ndoo na fagio asubuhi, ambaye twaruka maji yake bila salamu, anafanya kazi iliyomfanya mtu kuwa mtakatifu. Tena akikosa yeye kuosha sakafu na vyombo, ustadi wote wa bingwa waweza kuharibiwa na vijidudu.

Kwenu ninyi mlio watumishi wa hospitali, na wengi wenu ni wasomaji wetu, tuna ombi moja. Semeni ninyi ni nani. Kitambulisho kinachoning'inia shingoni chaandikwa kwa herufi ambazo mzee wa miaka 62 asiye na miwani hawezi kuzisoma, na mara nyingi kimegeuka nyuma. "Shikamoo baba, mimi ni daktari fulani, bingwa wa upasuaji, nimekuja kukutazama mguu." Maneno hayo hayafiki nusu dakika. Kama yule bingwa angaliyasema, katekista wetu angalimwambia habari ya penisilini. Yawezekana aliyasema, na mgonjwa hakusikia kwa homa. Basi yasemwe tena kesho yake.

Kwenu wagonjwa na jamaa za wagonjwa twasema: ulizeni. Si utovu wa adabu kumwambia mtu, "Samahani, naomba nikufahamu jina na kazi yako." Mtu mwema atafurahi kuulizwa. Asiyetaka kujibu atiliwe shaka, maana magazeti yametoa habari mara kwa mara juu ya matapeli waliokamatwa wodini wakiwa wamevaa koti jeupe na kutundika kipimo cha moyo shingoni, wakipokea fedha za maskini kwa ahadi ya kuwaharakishia upasuaji. Watu hao huishi kwa ujinga wetu wa kutojua nani ni nani. Malipo ya haki yana dirisha lake na stakabadhi yake. Fedha ipokewayo kwenye ngazi ni rushwa au ni wizi.

Tena jamaa wasije kumi, kila mmoja akimshika muuguzi huyu na daktari yule na kuuliza jambo lile lile. Chagueni mmoja awe sikio na mdomo wa ukoo. Huyo aandike katika karatasi dawa ambazo mgonjwa anazimeza nyumbani, hata zile za miti shamba, na dawa ambazo zimewahi kumdhuru, naye ampe karatasi hiyo daktari na muuguzi. Juu ya miti shamba tusiogope kusema kweli. Daktari si paroko, hataungamisha mtu. Anataka kujua tu ni nini kilichomo tumboni.

Na kwa kuwa tumemtaja paroko, tujitie na sisi katika orodha, kwa maana hata sisi hukosewa. Padre akiingia wodini na stola mfukoni, kitanda kizima hutetemeka, wakidhani ameitwa kuaga. Hivyo ndugu hungoja hadi mgonjwa hawezi tena kufungua mdomo, ndipo watupigie simu. Mpako Mtakatifu ni sakramenti ya wagonjwa. Hutolewa kwa mwenye ugonjwa mzito, au kwa anayekwenda kupasuliwa kwa ugonjwa wa hatari, akiwa angali na akili zake, ili apate nguvu na faraja na, Mungu akipenda, uzima. Tuiteni mapema. Wako pia wanaotukosea kwa upande wa pili: hutuomba tumwamuru daktari abadili dawa, kana kwamba kola yetu ni shahada ya uganga. Siku ile tulikaribia kufanya kosa hilo hilo bila kuombwa na mtu.

Katekista alitoka hospitalini baada ya siku 19, mguu wake ukiwa mzima. Juzi alikuja ofisini kwetu na lile daftari aandikamo majina ya wakatekumeni. Katika ukurasa wa mwisho aliandika majina 11, na kando ya kila jina kazi ya mwenyewe, kama alivyowauliza mmoja mmoja kabla ya kuruhusiwa: muuguzi wa jioni, bingwa, daktari wa wodi, kijana wa mafunzo, mzee wa maabara, binti wa dirisha la dawa, hata mfagiaji. Aliomba tuwataje katika nia za Misa ya Jumapili. Tuliwataja wote kumi na mmoja, na kazi zao, na Misa ikachelewa kidogo.